Mkalimani Mzee wa Mwalimu wa Fizikia

Mwaka ule ni ule tuliokula mbegu. Anayetaka tarehe akaulize ofisini. Sisi wenye mashamba Kiongoroni tunaujua kwa chungu. Kwanza tulimaliza makopa ya muhogo. Tukaja tukapika mapapai mabichi kama mboga, tukala kaa wa mikokoni mpaka watoto wakawa wanageuza uso wakiwaona. Mwisho tukashusha madebe yaliyokaa juu ya jiko, mpunga wa mbegu uliokuwa unakula moshi ukisubiri msimu, tukautwanga. Wali wa mbegu una harufu ya moshi, hata uukoshe mara tatu. Niliula kwa dagaa chukuchuku na sikumtazama mtu usoni.

Mpaka leo kule wanasema mwalimu wa fizikia ndiye aliyetulisha mbegu. Wanasema hivyo tu, mwalimu wa fizikia, na mie sitamtaja zaidi ya hapo. Miaka kumi na miwili alikaa chumba cha uani nyumbani kwangu Kibiti na sikuwahi kumwita jina lake. Kwa jina lake amwite mama yake. Mie nilimwita Mwalimu, yeye akaniita Bi Mkubwa, na kila asubuhi aliniamkia shikamoo ingawa mvi zake zilikuwa nyingi kuliko zangu.

Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu, goti moja likilia kila anapoinuka. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama inakata, lakini chini alivaa kandambili, moja ya bluu na nyingine nyekundu, na hakuona ubaya. Chai aliinywa ikishapoa kabisa. Alipofika hakutaka nazi, akasema wali wa nazi unamlaza darasani. Mwaka wa tatu siku moja nikapika bila nazi, akaja jikoni na sahani yake mkononi kuniuliza kama kuna msiba. Mkewe alibaki bara kulinda ng'ombe. Waliongea kwa simu kila Jumapili baada ya ibada, yeye akieleza habari za kompyuta, mkewe akieleza habari za ng'ombe, na sidhani kama walisikilizana, ila walicheka.

Darasani alikuwa mkali kwa jambo moja, udanganyifu. Binti yangu wa mwisho alipita mikononi mwake. Aliwahi kunakili majibu ya mwenzake, yote sahihi, na Mwalimu akampa sifuri, akamwambia kwamba anayenakili jibu sahihi amenakili hewa. Binti akalia siku mbili. Nilimfuata Mwalimu kumtetea mwanangu, nikarudi nimekubaliana naye, na hilo halinitokei mara nyingi.

Sasa nieleze ile kazi yake, maana ndiyo iliyotufikisha kwenye madebe ya mbegu.

Alikuwa na vidude vyeusi, kila kimoja kama mende mwenye miguu ya chuma pande mbili. Alisema ndani ya mende yule mna akili ndogo. Ukimwambia fanya hivi atafanya hivyo mchana na usiku, hachoki wala haombi ruhusa. Shida ni kwamba mende hajui Kiswahili wala Kiingereza. Anajua moja na sifuri, basi. Kwa hiyo Mwalimu aliandika amri zake kwa Kiingereza cha kukatakata, na ndani ya kompyuta kulikuwa na programu iliyochukua maneno yale na kuyageuza yawe moja na sifuri. Yeye aliiita kompaila. Mie niliiita mkalimani, na baada ya muda naye akaanza kuiita hivyo.

Mkalimani huyo alikuwa mzee. Mwalimu alimpata kwenye sidii alipopelekwa kozi, zamani, na waliomtengeneza walikwisha kufunga duka lao, hakuna wa kumwuliza. Alikubali kukaa kwenye kompyuta moja tu, lile likompyuta zito lenye kisogo, linalounguruma kama mashine ya kukoboa. Na hata humo alikuwa wa kujaribu tu, siku thelathini. Zikipita, anagoma. Basi kila asubuhi kabla ya kazi Mwalimu alirudisha tarehe ya kompyuta nyuma, ili mkalimani aamini kwamba siku thelathini hazijaisha. Miaka ikaenda hivyo. Nje mvua zilinyesha na watu wakazikwa, lakini ndani ya kompyuta ile mjukuu wangu wa kwanza alikuwa hajazaliwa.

Nilimwona siku moja akifanya hivyo, nikamwuliza anabonyeza nini. Akanieleza bila kuficha.

"Mwalimu, hapo si unadanganya?"

"Sidanganyi mtu, Bi Mkubwa. Nadanganya saa."

"Binti yangu ulimpa sifuri."

Goti likalia, akaenda kunywa maji, akarudi akaendelea. Mtu aliyemtia mwanafunzi aibu kwa jibu la kunakili alianza kila siku yake kwa uongo mmoja mdogo, na mie nilimpenda hivyohivyo. Wala sikuona ajabu. Nami nina zangu, na mtazisikia.

Hasira zake zilinichekesha kwanza, baadaye zikanitia hofu. Aliongea na mkalimani kama na mtoto wa kidato cha kwanza. Simama hapo. Nimekuandikia vizuri, huoni nini. Nani amekuambia hiki hukijui, jana ulikijua. Akishindwa kabisa alitoka akachukua ufagio akafagia uwanja, shati la pasi na kandambili za rangi mbili, akifagia hata pasipo na jani. Uwanja wangu ulikuwa safi kuliko wote mtaani, na majirani wakidhani nimepata mtumishi. Nilijua tu kwa ufagio kwamba leo mkalimani kagoma.

Macho yake yalianza kufifia, hapo ndipo nami nikaingia kazini. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Kiingereza sikijui. Lakini Mwalimu alinieleza kwamba kila amri lazima iishe kwa nukta-mkato, ile nukta iliyokalia mkia, na ukiisahau moja tu mkalimani anakutolea makosa sitini. Basi nikawa nakaa kwenye kigoda nyuma yake, nachambua mchele huku natazama kioo, namwambia pale, Mwalimu, mstari ule hauna mkia. Nilikuwa siujui unasema nini, ila mkia nauona. Naye akisema mkalimani ametaja mstari wa arobaini na mbili, nilijifunza kutazama arobaini na moja, maana yule bwana kazi yake ilikuwa kukuelekeza nyumba ya jirani.

"Tazama kosa la kwanza," alikuwa akisema. "Hayo mengine yote ni wanawe."

Neno hilo nililichukua nikalitumia nyumbani. Wajukuu wakija kwangu wamegombana, kila mmoja na mashitaka yake, nawauliza la kwanza lilikuwa lipi. Mara nyingi ni kipande cha andazi.

Niseme sasa habari za maji. Kwetu deltani maji yana wenyewe wawili. Mto unashuka na maji tamu, bahari inapanda na maji chumvi, na mpunga wetu uko katikati. Shamba tunalizungushia tuta la udongo lenye mlango wa mbao. Mto ukiwa na nguvu, hata bahari ikijaa, kinachofika mlangoni ni maji tamu yaliyosukumwa, na hapo ndipo unafungua mpunga unywe. Ukikosea ukafungulia chumvi, umeua. Jicho halitambui, maji yote yana rangi ya udongo. Kwa hiyo anakuwepo mtu mmoja anayeonja kwa niaba ya wengine. Bibi yangu alionja, mama akaonja, nikaja mie. Ni alfajiri, hujala kitu, hata mswaki haujapita. Unachota kwa kiganja, unayaweka nyuma ya ulimi, unayatema. Ukisema tamu, matuta yote ya upande ule yanafunguliwa. Miaka thelathini nilisema, na hakuna aliyeungua. Msimu wa mpunga ukifika nilifunga nyumba ya Kibiti, nikashuka Nyamisati nikapanda boti, na wanawake wa Kiongoroni walinipokea mizigo tangu gatini. Nisingizie unyenyekevu wa nini? Nilipenda sana.

Mwalimu alipoyasikia hayo, mwaka mguu wangu ulipoanza kuvimba, akasema atautia ulimi wangu ndani ya mende. Nilimcheka. Akanieleza taratibu. Vyuma viwili vinatumbukizwa majini, vinapima chumvi na kutoa namba. Ila namba peke yake haijui tamu ni ipi. Atanichanganyia vikombe, maji ya mto na ya bahari kwa vipimo, mie nionje niseme, naye ataandika namba ambayo mie nimesema hapa ndipo utamu unapokwisha. Namba hiyo moja ndiyo itakayokuwa ulimi.

Yaliyotokea nitayasema wazi, msomaji asikae akinisubiri. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Mwalimu alisema tusubiri uishe. Mie nikasema ya nini, nitaonja baada ya kufuturu. Akasema kwani si huwa unaonja hujala kitu? Nikamwambia ulimi huu ungeonja hata ukifungwa kamba. Nikafuturu kwa muhogo na papa wa chumvi, yule papa mkavu anayenuka mtaa mzima, nikanawa mikono, nikaja kukaa mbele ya vikombe kumi. Tamu, nikasema. Tamu. Tamu. Tamu. Hiki kiasi. Hiki chumvi.

Akanyanyua kikombe cha nne. "Hiki nacho, Bi Mkubwa, una hakika?"

"Mwalimu, unaniuliza mie maji?"

Akaandika. Aliyetoka kula papa, maji ya chumvi kidogo kwake ni matamu. Mtoto mdogo analijua hilo. Kosa lilianzia hapo, kinywani mwangu, kabla mkalimani hajagusa lolote.

Kisanduku alichomtia mende kilikuwa cha plastiki, cha kuwekea chakula, kimezibwa kwa gundi, na sola ya ukubwa wa kiganja juu yake. Taa mbili. Kijani ni tamu, nyekundu ni chumvi. Tulikwenda wote kwa boti, yeye ameshika kisanduku mapajani kama mtoto mchanga, akakifunga kwenye gingi la mkoko karibu na mlango wa shamba la wifi yangu Zainabu. Misimu miwili kilisema kweli, kwa sababu mto ulishuka na nguvu, na maji yalikuwa ama matamu wazi ama machungu wazi. Hapo katikati, penye kikombe cha nne, hayakupita.

Nilijisifu, jamani. Niliwaambia watu kwamba ulimi wangu una taa. Wanawake wakanitania, wakasema Bi Mkubwa ulimi umebaki mtoni, huku Kibiti unatusema na nini? Nikaacha kupanda boti kila msimu. Mguu, nikasema. Lakini haikuwa mguu peke yake. Ilikuwa raha kulala Kibiti huku nasikilizwa Kiongoroni.

Baada ya msimu wa pili umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na lile likompyuta lenye kisogo likatoa moshi mwembamba na harufu ya nywele zilizoungua. Likafa. Mwalimu alilifunika kwa shuka yake mwenyewe. Nilidhani atapona baada ya siku chache. Hakupona. Alianza kufagia uwanja asubuhi, mchana na jioni.

Niliona anahangaika na namba moja. Nilimsikia akisema, namba moja tu, nibadilishe namba moja tu. Nikamwuliza namba gani hiyo, akasema ndogo. Akaazima laptopu ya mwalimu mwenzake, mkalimani akakataa kuingia, akasema mahali hapa hapajui. Akakuta pia kwamba waya wake wa kuzungumza na mende una kichwa kipana chenye meno ishirini na tano, na kompyuta za sasa hazina tundu hilo tena. Akaikuta kompyuta ya zamani kwenye duka la kuchapa barua hapo Kibiti, yenye tundu. Alirudi nyumbani anatembea kama kijana. Mkalimani aliingia, akafunguka, akasema muda wake umekwisha. Mwalimu akarudisha tarehe nyuma. Akasema umekwisha. Akairudisha nyuma zaidi, miaka mingi. Safari hii saa haikudanganyika.

Pale stendi kuna binti anayetengeneza simu, hodari, mikono yake haitetemeki. Nilikwenda na Mwalimu siku moja, kikapu changu mkononi, nikawasikia. Binti alimwambia kompaila hiyo ni maiti inayotembea. Siku hizi kuna bodi mpya, programu yake ni ya bure, inaingia kwenye laptopu yoyote, hata kwenye simu. Unaandika leo, kesho kinafanya kazi.

"Huyu nimemzoea," Mwalimu alisema. "Najua makosa yake yote."

"Kujua makosa yake ndiyo sababu ya kuendelea kukaa naye, Mwalimu?"

Mie nikacheka mpaka kikapu kikaniponyoka, nikimfikiria marehemu mume wangu. Mwalimu hakucheka. Alisema lugha ya bodi mpya si ileile, itabidi aandike upya kila mstari, amebakiza kidogo tu na huyu wake. Kidogo tu. Huo ndio ugonjwa wao, hawa watu wa kompaila. Siku zote wamebakiza dakika tano. Na huyuhuyu ndiye aliyekuwa akinisuta kwa kushikilia mbegu ya mama yangu wakati mabwana shamba wameleta mbegu fupi inayokomaa haraka. Alisema nang'ang'ania kitu kwa sababu kimezeeka nami.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Msimu ukafika.

Siku hiyo nilikuwa Kibiti, mguu juu ya kigoda, nachuja tui. Zainabu akapiga simu kutoka shambani. Akasema mto mwaka huu umeshuka kinyonge, maji yako mlangoni, taa ni ya kijani, ila yeye ametia kidole mdomoni na anaona kama yana chumvi.

"Kama taa ni ya kijani, huo ni ulimi wangu," nikamwambia. "Wa kwako umeanza kuonja tangu lini, wifi? Fungua."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyenyamazishwa, akafungua. Na wa matuta mengine walipoona kafungua, wakafungua.

Siku ya nne miche ilianza kuungua ncha. Siku ya kumi shamba zima lilikuwa na rangi ya karatasi ya zamani. Nilipanda boti na mguu wangu umefungwa kitambaa. Asubuhi, sijala kitu, nikachota nikaonja, na sikuhitaji hata kuyafikisha nyuma ya ulimi. Chumvi. Kule kwenye gingi taa inawaka kijani, imetulia, haina habari. Zainabu aliking'oa kisanduku kwa mikono yake, akakifunga ndani ya kanga, akanitupia miguuni.

"Chukua ulimi wako, wifi."

Alisema hivyo tu. Nilirudi Kibiti nimekipakata, kinanilowesha.

Nilimwambia Mwalimu apange vikombe. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Kikombe cha tatu nikasema kiasi. Cha nne nikakitema kabla sijamaliza. Nikachukua daftari lake mwenyewe, namba nazijua kusoma, nikaona alichoandika siku ile ya Ramadhani, mia sita na arobaini, na pembeni yake kwa kalamu nyekundu, mia nne, na alama ya kuuliza. Ile nyekundu ilikuwa na tarehe ya miezi mitatu nyuma.

"Ulijua," nikasema.

"Nilipima kwa kipimo cha shule. Nikaona namba imepanda."

"Ulijua ni papa."

"Nilisikia harufu yake siku ileile, Bi Mkubwa. Nikajiambia, mwenye maji ndiye anayejua."

Nikamwuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba alitaka kuirekebisha kwanza, kimya kimya, nisijue kabisa. Namba moja. Angeibadilisha na mie ningekufa na sifa yangu. Nikamwambia kisanduku kile kilifungwa kwa kamba ya katani. Hakikuhitaji mkalimani kukitoa. Kilihitaji mtu mmoja, boti moja na kisu. Aliinamisha kichwa. Alisema hilo halikumjia akilini hata siku moja, na namwamini. Alikuwa amekaa muda mrefu mno mbele ya kile kioo mpaka akaona dunia nzima inapitia hapo.

Lakini sijamaliza aibu yangu. Mwalimu alikwenda Kiongoroni peke yake, akasimama mbele ya watu, akawaambia mashine yake ilitafsiri vibaya, kompaila ilikuwa ya zamani, yeye ndiye aliyeitumia. Wakamtukana. Mzee mmoja alimwuliza kama huko bara hakuna mpunga wa kuharibu. Akasimama mpaka wakamaliza, akawashukuru, akapanda boti. Wiki iliyofuata Zainabu alikuja Kibiti na kuku, akaniomba radhi kwa neno lile la ulimi. Akasema hakujua kwamba ni mashine. Naye alikuwa na njaa, mbavu zinaonekana kwenye blauzi, na kuku alikuwa wa mwisho.

Nikaipokea ile radhi. Nikamchinja yule kuku tukala wote.

Mwalimu alistaafu mwishoni mwa mwaka ule. Akahamia Chumbi kwa muumini mwenzake, akalima mahindi, akasema atarudi bara akipata haki zake. Vidude vyake alivipakia kwenye boksi la sabuni. Uwanja wangu ukarudi kuwa na majani kama wa kila mtu.

Mwaka huu, mpunga ukiwa na urefu wa shubiri moja, alinipigia simu. Alisema safari ya bara imewadia na kuna karatasi anataka niione. Nikapanda gari mpaka Ikwiriri, nikachukua bodaboda mpaka Chumbi, mguu nimeunyoosha pembeni na dereva akilalamika. Nilimkuta nje ya chumba chake amekonda, macho yamezidi kufifia. Shikamoo yake ni ileile. Mezani palikuwa na bodi mpya ya bluu, taa yake inawaka na kuzima. Alijifunza mwishowe. Akasema ilimchukua majuma mawili. Akalirudia lile neno, majuma mawili, na mie nikatazama pembeni.

Kamati ya kilimo ya Kiongoroni ilikuwa imemwandikia. Wamekubali kisanduku kipya, kwa namba ya kipimo cha shule, lakini kwanza wanataka maelezo ya maandishi ya kilichotokea mwaka ule, na shahidi mmoja wanayemwamini. Yeye alikwisha kuandika. Akanisomea, karatasi ameisogeza mpaka puani. Kosa lilitokana na kompaila ya zamani aliyoitumia yeye. Maji yalionjwa kwa usahihi. Chini palikuwa na jina lake, na chini ya jina lake mstari mtupu wa jina langu.

"Weka sahihi hapo, Bi Mkubwa. Kwako ndipo watakaposadiki."

"Siweki sahihi hapo, Mwalimu. Maji niliyaonja mie."

Akachukua chai yake iliyopoa, akairudisha bila kuinywa. Nikamwambia aandike upya. Aandike papa, aandike kikombe cha nne, aandike ile simu ya Zainabu, nilivyomwambia afungue mlango. Na la kwake pia aliandike, kwamba alijua miezi mitatu akanyamaza, na kwamba aling'ang'ania kitu kilichokufa. Kila mtu abebe mzigo wake, na mkalimani yule apumzike, maana alichoambiwa ndicho alichotafsiri.

Akanieleza kwa upole, kama anavyoeleza watoto. Wakilijua hilo, alisema, hakuna atakayekuita mlangoni tena, wala wewe wala binti yako baada yako. Miaka thelathini ya kuonja itafutika kwa siku moja. Zainabu je, atakutazamaje, naye alikuja na kuku? Nikamjibu kwamba hilo la Zainabu ndilo linaloninyima usingizi, hana haja ya kunikumbusha.

Akaunyoosha mkono, akaitafuta kalamu kwa vidole kwa kuwa haioni vizuri, akaipata, akanitia mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Mie naondoka," akasema. "Lawama ikiondoka nami haitamuumiza mtu. Wewe unabaki nao."

Alikuwa anaomba. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia akiniomba kitu, hata chumvi. Nikaiweka kalamu juu ya karatasi, nikamsogezea upande wake.

"Siweki sahihi hapo, Mwalimu. Maji niliyaonja mie."